Alipomwona

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma lililopita nilikaa kwenye foleni ya hospitali nikisubiri majibu ya vipimo. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja ameshika fomu. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaikunja, akaikunjua tena. Kalamu alikuwa nayo mfuko wa shati. Yote hayo niliyaona kwa pembe ya jicho, maana macho yenyewe yalikuwa kwenye simu. Nilikuwa nasoma, Mungu anisamehe, neno la siku.

Binti aliyesimama mbele yetu ndiye aliyegeuka. "Shikamoo, babu. Nikuandikie?" Mzee akacheka kwa aibu, akasema miwani ameisahau nyumbani. Haikuzidi dakika tatu, fomu ikawa imejaa. Kama kweli miwani ilisahauliwa au mzee hakujua kusoma, binti hakuuliza. Hilo nalo limenikaa moyoni. Alimwachia mzee heshima yake yote, akachukua kazi tu.

Tangu siku hiyo narudia Luka 10, mfano wa Msamaria Mwema: mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akapigwa na wanyang'anyi, akaachwa njiani karibu ya kufa. Ule mfano tunaujua hata tukiamshwa usiku wa manane, na pengine ndiyo maana hautushtui tena. Safari hii nilikwama kwenye neno moja dogo. Kuhani, "alipomwona alipita kando." Mlawi, naye mhudumu wa hekaluni, "akamwona, akapita kando." Msamaria, "alipomwona alimhurumia." Wote watatu waliona! Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kujitetea kwamba kulikuwa na giza.

Kuhani tumezoea kumtafutia udhuru: aliogopa kunajisika kwa kugusa maiti, akashindwa kuhudumu hekaluni. Lakini Luka anasema "alishuka kwa njia ile." Yerusalemu iko juu milimani, Yeriko iko bondeni, chini kabisa ya usawa wa bahari. Anayeshuka njia ile anatoka Yerusalemu. Basi inaelekea zamu yake ilikuwa imekwisha, naye anarudi nyumbani, zaburi bado ziko mdomoni. Hapo ndipo nilipojiona mimi na simu yangu.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la jirani kwenda kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Watafiti walikuwa wamempanga hapo makusudi. Kati ya walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Wapo hata waliomruka yule mtu ili wawahi kwenda kuuzungumzia.

Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na haraka. Tunaposema haraka haraka haina baraka, huwa tunafikiria baraka za mwenye haraka. Sasa nadhani na za jirani yake zimo humohumo.

Maana kama kuna aliyekuwa na sababu ya kukimbia, ni Yesu katika Marko 5. Binti wa Jairo yu katika kufa, baba yake anaongozana na Yesu kwenda nyumbani kumponya, umati unasukumana. Yesu anasimama kumtafuta mtu aliyegusa vazi lake. Ni mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa hesabu zetu angeweza kusubiri saa moja zaidi. Huwa namhurumia sana Jairo katika kituo hicho, na sijui ningefanya nini ningekuwa mimi. Lakini Yesu alisimama, akamsikiliza mama yule mpaka akamweleza yote, kisha safari ikaendelea.

Simaanishi kila mzigo unaoonekana ni wako. Msamaria mwenyewe hakuvunja safari yake. Alimpandisha majeruhi mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, na siku ya pili akatoa dinari mbili, ambazo kwa kipimo cha Mathayo 20 ni ujira wa siku mbili wa kibarua, akamwachia mwenye nyumba ya wageni kazi ya kumtunza mgonjwa, akaahidi kulipa baki akirudi. Alifanya lililokuwa mkononi mwake, mengine akamwachia mwenzake. Wanaochoka upesi ni wale wanaotaka kuwa Msamaria, punda na nyumba ya wageni kwa pamoja.

Na wenye shida ni wachache wanaopiga kelele. Wengine wanabaki kwenye benchi ibada ikishaisha, wanajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba. Wengine wanajibu "salama tu" kabla hujamaliza kuwauliza hali. Mwingine ametuma ujumbe juzi, umeusoma, hujamjibu.

Mimi nimeanza na jambo dogo: natoka nyumbani robo saa mapema. Jumanne robo saa hiyo haikupata mtu, nikafika mapema, nikakaa. Alhamisi jirani alinisimamisha mlangoni kunieleza habari za mwanawe. Sikuwa na ushauri wowote wa kumpa. Nilisimama tu, begi begani, yeye akaongea, akalia kidogo, akafuta macho kwa kanga, akaniambia nenda mwanangu, utachelewa. Nikachelewa kweli.