Masizi ya ekzosi hayatoki kwa dawa ya choo: nilivyoirudisha midomo ya Mark X yangu

Mtu akikwambia umwagie dawa ya choo mdomo wa ekzosi ili masizi yatoke, mshukuru, kisha washa gari uondoke. Mimi sikuondoka. Nilisikiliza, nikafanya, na mdomo wa kushoto wa gari langu una alama mpaka leo.

Gari ni Toyota Mark X ya 2006, nyeupe, injini ya V6 ya lita 2.5. Wenye nazo wanajua kwamba nyuma kuna midomo miwili, mmoja kila upande, na ikiwa safi gari zima linaonekana kama limeshuka bandarini jana. Ikiwa myeusi, osha bodi mpaka uchoke, jicho la mtu litaenda palepale kwenye weusi. Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, kazi yangu iko mjini, navuka kwa pantoni. Maana yake ni foleni ndefu injini ikinguruma bila kwenda popote, halafu mwendo mfupi, halafu foleni tena. Injini hizi za D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo kwa kawaida hutoa masizi mengi kuliko zile za kupuliza petroli kwenye njia ya hewa. Ongeza na upepo wa chumvi wa baharini. Ndani ya miaka miwili midomo yangu ilikuwa kama kitako cha sufuria ya kuni. Asubuhi nikiwasha, yale maji yanayotoka ekzosi ikiwa bado ya baridi yalirusha vitone vyeusi ukutani, na ukuta wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi nyeupe mwezi uliopita.

Ningeendelea kuvumilia, lakini mdogo wangu alipanga harusi, akaniambia, "Kaka, gari la kunibeba nataka liwe lako, silitaki la kukodi." Maneno hayo yaliniingia. Na gari la bibi harusi hupigwa picha nyuma kuliko mbele: pale linapofungwa utepe, pale anaposhikwa gauni akipanda, pale msafara unapoondoka. Nilikuwa na siku tisa.

Siku ya kwanza nililipeleka mahali pa kuoshea magari. Kijana akainama, akagusa kwa kidole, akasema kwa uhakika kabisa, "Bosi, hii ni dawa ya choo tu. Dakika ishirini, inang'aa kama kioo." Jirani yangu aliyekuwa anasubiri gari lake akasema dawa ya choo ni ndogo, yeye angeweka maji ya betri. Mwingine akashauri dawa ya choo ichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ili iwe kali zaidi. Nashukuru huyo sikumsikiliza, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huua watu. Usijaribu hata kidogo, iwe kwa ekzosi, iwe kwa choo.

Nikanunua chupa ya dawa ya choo, nikarudi nyumbani, nikaanza na mdomo wa kushoto. Nikapaka kwa brashi, nikasubiri. Povu likatoka, harufu ikapanda puani, machozi yakanijaa, na mimi nikaona ndiyo kazi inafanyika. Nikaiacha nusu saa badala ya dakika ishirini, ili masizi yaishe kabisa. Nikamwagia maji. Masizi yalikuwa palepale! Yalichubuka hapa na pale tu, na pale yalipochubuka chuma kilionekana cha kijivu, kimefifia, kama kijiko kilichookotwa jalalani. Keshoyake asubuhi pale palipochubuka pakatokea vidoti vya kutu vya kahawia, vingi, kama madoadoa kwenye ndizi iliyoiva.

Nililala na hasira siku ile, nikaanza kuuliza na kusoma. Jibu ni jepesi na linauma. Masizi ni kaboni, na kaboni haijali tindikali. Dawa ya choo ya namna ile ina tindikali ya chumvi, kazi yake ni kuyeyusha chokaa ngumu inayoganda chooni, na kitu kingine inachopenda kula ni chuma. Stenlesi, chuma cha midomo yangu, haishiki kutu kwa sababu kromiamu iliyomo ndani yake hutengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, huioni kwa macho. Tindikali ya chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nimeyaacha masizi nikala chuma. Maji ya betri nayo ni tindikali, hayana tofauti ya maana kwa kazi hii. Na wale wa soda ya kola: hiyo husaidia kutu nyepesi kwa sababu ya tindikali yake ya fosfori, kwa masizi ni kupoteza kinywaji.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuja kwa maandalizi ya harusi akanikuta nimechuchumaa nyuma ya gari na waya wa kusugulia masufuria. Akasimama akaangalia. "Mwanangu, hayo si masizi?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Sasa masizi unapigana nayo makavu? Yalowanishe yalale."

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona utotoni kila siku bila kukitia maanani. Sufuria iliyopikiwa kuni haisuguliwi ikiwa kavu. Hupakwa majivu mabichi na sabuni, ikawekwa kando, kazi nyingine zikaendelea, na ikirudiwa masizi yanatoka kwa kitambaa. Majivu ya kuni yakilowa hutoa magadi, magadi na sabuni hukata mafuta yanayoyashikisha masizi kwenye chuma, na ile chenga laini ya majivu husugua bila kuchimba. Kinachofanya kazi hapo ni muda.

Mama alisimamia mwenyewe. Tulichukua majivu ya kuni, tukayachekecha mara mbili kwa kipande cha kanga kuukuu, maana punje moja ya mchanga inatosha kuchora mstari utakaoujutia. Tukakwangua sabuni ya mche, tukaichanganya na maji ya vuguvugu na majivu mpaka ikawa uji mzito unaoshika mwiko. Vaa glavu, magadi hukausha mikono mpaka ikapasuka. Nikapaka mdomo wa kulia nje na ndani, kina cha kidole kizima, nikazungushia tambara lililolowa, na juu yake nikafunga ile nailoni iliyokuja imefunika godoro jipya ili visikauke. Ilikuwa jioni, injini imepoa kabisa. Gari likalala hivyo.

Asubuhi nikafungua. Sikuamini. Kupitisha tambara mara moja tu, weusi ukaja nao kama uji wa wino, na chini yake chuma kinawaka! Nilimwita mama kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Kilichobaki ni ukoko mgumu kwenye ukingo wa ndani. Huo niliupangusa kwa mafuta ya taa kidogo, nikausugua na mswaki wa zamani niliofunga kwenye kijiti, nikarudia majivu usiku mmoja zaidi, kwisha. Kwa ndani ukitumia tambara, lifunge kamba ubaki umeshika ncha yake. Tambara likizama kwenye ekzosi utamtafuta fundi kwa jambo ambalo halikuhitaji fundi.

Jambo moja kabla hujakimbilia majivu: jua mdomo wako ni wa chuma gani. Wangu ni stenlesi. Ukiwa wa alumini, magadi yakilala usiku kucha yataufubaza, huo uoshe kwa sabuni ya kawaida tu. Ukiwa wa kupakwa kromu, utauona una ubluu kidogo na unang'aa kama kioo. Kromu ni ngozi nyembamba juu ya chuma kingine, kwa hiyo msasa usiusogelee. Vidoti vya kutu juu ya kromu hutoka kwa karatasi ya foili iliyokunjwa na kuloweshwa maji, kwa sababu alumini ni laini kuliko kromu na haiichani. Lakini kama kromu imeshaanza kubanduka kama magamba ya samaki, hakuna cha kung'arisha hapo, nenda kwenye maduka ya vipuri Ilala katafute mwingine. Na usipime kwa sumaku, kuna stenlesi inayonasa sumaku vizuri tu.

Ule waya wa masufuria niliuweka kando. Ukiwa wa chuma cha kawaida huacha chembechembe zake juu ya stenlesi, na chembe hizo ndizo zinazoota kutu wiki inayofuata, nawe ukadhani ekzosi yako ni mbovu.

Ukabaki mdomo wa kushoto, ule niliouharibu. Majivu yaliondoa masizi yote, lakini chuma chini yake kilikuwa kimefubaa na kutobokatoboka. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Ni msasa wa maji. Nilinunua namba 800, 1200 na 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), karatasi mbilimbili, zote hazikufika elfu kumi. Jioni ya kwanza nilikaa na namba 800 saa nzima na nusu, ndoo ya maji ya sabuni pembeni, nikisugua kwa kuzunguka mdomo, nachovya, nasugua, nachovya. Siri niliyofundishwa na fundi mmoja wa kunyoosha bodi ni kubadilisha mwelekeo kila unapobadilisha namba. Ukisugua na 800 kwa kuzunguka, 1200 sugua kutoka ndani kuja nje. Hivyo unaiona mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikifutika, na usihamie namba inayofuata mpaka yote imeondoka. Nilipoteza karibu saa nzima kwa sababu nilihamia 2000 mapema, nikairudia 1200 upya. Ukiruka hatua, mng'aro utakuja, lakini jua likipiga utaona mistari kama ya kucha za paka.

Baada ya msasa ni Brasso, ile ile ya kung'arishia vitasa na shaba. Fulana ya pamba iliyochakaa, dawa kidogo sana, sugua eneo dogo kama sarafu kwa nguvu mpaka tambara liwe jeusi. Weusi huo usikutishe, ni chuma kinachotoka pamoja na dawa. Geuza tambara, endelea. Mwishoni nilipaka unga wa ngano mkavu kidogo nikafuta kwa kitambaa safi, unga ukanywa mafuta yote ya dawa, na pale ndipo niliuona uso wangu. Mikono iliuma siku mbili.

Kuna aliyenishauri nipige tu rangi ya fedha ya kopo. Rangi ya kawaida haivumilii joto la ekzosi, hunuka, hubabuka, halafu unabaki na kazi mbili badala ya moja.

Sasa kuhusu masizi kurudi. Mama alinikumbusha la pili: sufuria haingojwi ichafuke, hupakwa sabuni au majivu kabla ya kutelekwa jikoni, ili masizi yakae juu ya hicho na si juu ya sufuria. Nikafanya vivyo hivyo kwa waksi ya gari, tabaka jembamba nje na ndani ya ukingo, nikaacha ikauke, nikaipangusa. Kwa safari zangu hudumu kama wiki mbili. Siku hizi kila Jumapili napitisha kitambaa kilicholowa, dakika mbili, yametoka. Kuna aliyetaka nitumie mafuta ya nazi badala ya waksi. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki yakinata, na kila kinachotoka kwenye bomba kinakaa juu yake.

Lakini hata hivyo yalikuwa yanarudi haraka mno, ndipo nilipoingiza kidole na kuyachunguza. Masizi makavu ya unga ni petroli isiyoungua vizuri. Yakiwa ya kunata na yenye mafuta, injini inakula oili, na hapo shida yako ni kubwa kuliko mng'aro. Yangu yalikuwa makavu. Fundi akafungua plagi zote sita, ncha zimelika. Tukabadilisha zote, ilinitoka laki na kitu pamoja na ufundi, na vitone vya ukutani vimepungua sana. Kama ningejua, ningeanza na plagi halafu ndiyo nije kwenye majivu.

Siku ya harusi nilifika kwa mama saa mbili asubuhi nimevaa suti, na kitambaa mfukoni. Kila tuliposimama nilizunguka nyuma nikapangusa. Mpiga picha aliinama chini kabisa kupiga mkia wa gauni, na katika picha ile utepe mwekundu unaonekana ndani ya mdomo wa kulia kama ndani ya kioo. Mdogo wangu ameiweka sebuleni kwake. Mdomo wa kushoto nao unang'aa, ila ukisogea karibu utaviona vitundu kama vya ncha ya pini, upande wa chini, pale dawa ya choo ilipotuama. Msasa haukuvifikia, na sitaki kuupunguza ule ukingo zaidi. Hivyo navipaka waksi mara mbili kuliko sehemu nyingine, na mvua ikinyesha navikausha kwanza kabla sijaingia ndani.