Gari la moshi la Bububu

Nikiwaambia watoto wa mtaani kwetu kwamba hapa Bububu, nje ya mji wa Unguja, gari la moshi lilikuwa likifika, wanadhani nawatania. Treni si ya bara hiyo, Unguja itapita wapi? Lakini ilikuwepo, tena si reli moja, mbili kwa nyakati tofauti, na mie inaniuma sana kuona jambo kubwa kama hili linasahaulika hivi hivi.

Hii yetu ya Bububu ilijengwa 1904 mpaka 1905 na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York. Zama hizo kwenye kiti cha usultani alikuwa Seyyid Ali bin Hamud na Waingereza washashika nchi. Watu huuliza Wamarekani wamefikaje huku, lakini wale walikuwa wakifanya biashara na Unguja tangu enzi za Seyyid Said, mkataba wao ni wa 1833, na ile nguo ya merikani waliyovaa wazee wetu ndo wao walioileta. Basi reli ikaanzia pale Ngome Kongwe, ikapita Malindi, ikafata pwani kupitia Mtoni mpaka ikatua hapa kwetu, maili 7, kama kilomita 11 hivi. Mwaka 1911 serikali ikainunua.

Mie huwa nafikiria zaidi ule upande wa mjini. Tunaujua Mji Mkongwe ulivyo, mahali pengine vespa mbili zikikutana lazima moja isubiri, sasa hebu fikiria gari zima la moshi linakuja na mabehewa yake linapita ubavuni mwa nyumba za watu, akina mama ndani wanapika, nje moshi na king'ora, na wenye maduka wanahangaika kuondosha vitu vyao barazani. Bibi alikuwa akitwambia mama yake akipanda treni hiyo na makapu ya ndizi na maembe kwenda kuuza mjini, kabla yake ilikuwa miguu au punda, ukitoka alfajiri jua linakukuta njiani, sasa mtu anakwenda na kurudi siku ile ile na nguvu za kupika anazo bado. Kwa mtu wa shamba hilo lilikuwa jambo kubwa mno na sidhani kama sie wa leo tunalipima vizuri. Wageni wa meli nao walikuwa wakiungiwa behewa lao la daraja la kwanza waje waone shamba.

Kilichoiua ni motokaa. Barabara zikatengenezwa, magari ya abiria yakaja, 1922 treni ikaacha kubeba watu, ikabaki kubeba mawe ya kufukia bahari kule bandarini na mwisho wa miaka ya 1920 ikasimama kabisa.

Na kabla ya hiyo kulikuwa na reli ya Sultani Seyyid Barghash, yule yule aliyevuta maji ya chemchemi za huku Bububu mpaka mjini. Mwaka 1879 alitandika reli kutoka kasri yake ya mjini mpaka kasri ya Chukwani, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, halafu 1881 akaagiza injini kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki 1888 na reli ikafa naye. Lakini tazama miaka hiyo jamani! Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ya Mombasa 1896, sie Unguja tushapanda treni na tushaiacha zamani. Kwa nini mtoto amalize skuli hajawahi kulisikia hili hata siku moja?

Ningependa walimu wa darasa la historia wawatoe watoto nje, wawapandishe daladala ya 502 kutoka mjini waje mpaka huku wakioneshwa njiani treni ilikuwa ikifata upande gani, itawakaa kichwani kuliko kukariri. Na nyie ambao wazee wenu walifanya kazi relini, au mna picha za zamani kwenye masanduku, tafadhalini msizitupe wala msiwape watu wa kununua vikuukuu, zipelekeni Nyaraka za Taifa pale Kilimani zikapigwe kopi, na kama bibi au babu yupo hai na alihadithiwa kitu, mrekodini kwa simu hata kama ni dakika tano tu.