Kikapu cha mitishamba nilichompelekea daktari wa mionzi

Mama alipopangiwa mionzi ya saratani ya titi, kwetu Kibosho wageni hawakukauka, na kila mmoja na chupa yake. Unga wa mlonge, mwarobaini uliochemshwa ukawa mweusi tii, vidonge vya mitishamba vya elfu thelathini na kitu kutoka Moshi mjini. Wote neno lao moja: "Usimwambie daktari, atamkataza." Ushauri huo unanikera hadi leo.

Nilijaza vyote kikapuni, nikapanda navyo basi la Dar, nikavipanga mezani kwa daktari. Hakutukaripia. Alishika kimoja kimoja, akimuuliza mama anakunywa kiasi gani. Tangawizi ya chai akairudisha kikapuni, inatuliza kichefuchefu. Unga na vidonge akavitenga. Alitueleza kwamba mionzi huua seli za saratani kwa kuzalisha chembe kali ndani yake, na dozi kubwa ya vitu vinavyozima chembe hizo inaweza kuikinga saratani yenyewe. Visubiri mpaka matibabu yaishe. Mama akasema, "Sasa nimeelewa, mwanangu."

Kwenye shubiri ndipo nilipokosea. Mionzi ilipokwisha tukarudi nyumbani, na hakuna aliyetuambia kuwa ngozi huendelea kuungua wiki moja au mbili baadaye. Chini ya kwapa ikawa nyeusi, ikaanza kuchubuka. Nikakata jani la shubiri nyuma ya migomba, nikampaka vilevile linavyochuruzika. Mama aliruka kitandani! Ule utomvu wa njano chini ya ganda ndio unaowasha. Nilikuwa nimeupaka wote. Nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu huku nalia.

Nikampigia nesi. Palipochubuka, akasema, usipake kitu. Penye ngozi nzima, simamisha jani kwenye kikombe mpaka njano itoke yote, lioshe, menya, tumia ute mweupe tu, na ujaribu kwanza mkononi mwako. Ulimpoza mama, ingawa utafiti wa shubiri kwa ngozi ya mionzi haujatoa jibu moja. Ua la kalendula lina ushahidi zaidi: Ufaransa walilipima kwa wanawake 254 wa saratani ya titi, matokeo yakatoka 2004. Waliopaka marhamu yake, 41 kwa mia ndio walioungua kiasi cha kusumbua. Waliopaka krimu nyingine, 63.

Kinachosaidia kila siku ni sabuni isiyo na manukato na khanga kuukuu laini badala ya sidiria.

Wiki ya nne ngozi mpya ilijaa. Kikapu kiko juu ya kabati. Kliniki ijayo tunakwenda nacho tena.