Siku moja na ukoko wa chokaa

Saa 11 alfajiri. Nainjika birika la mama jikoni. Ndani limejaa ukoko mweupe, mgumu kama ganda la chaza. Visima vyetu huku Kisauni, Mombasa, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji yakichemka, hewa ya kaboni inatoka, chokaa iliyokuwa imeyeyuka inaganda. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji ya moto. Chokaa ni kinyume chake, ndiyo maana hukimbilia palipo na joto.

Saa 2 asubuhi. Fundi kaniita kwenye nyumba ya wageni, hita imeungua. Anatoa koili, anaigonga kwa bisibisi, vinaanguka vipande vyenye matabaka kama chapati. "Dada, hii niliifunga mwaka jana tu." Koili yenyewe haikuwa na kasoro. Ukoko uliizuia kuyapa maji joto, ikajiunguza.

Saa 4, maabara. Jana nilikamua ndimu, nikachuja, nikafunga maji yake kwenye chombo cha chuma chenye teflon ndani, nikakiacha kwenye nyuzi 180 kwa saa tano. Leo nafungua: rangi ya chai ya mkandaa. Nakimulika kwa taa ya urujuanimno, kioevu chote kinawaka buluu! Nimeliona mara nyingi, bado moyo unanidunda. Hizo ni nukta za kaboni, chembe za dawa ya ukoko tunayoijaribu. Hazifiki nanomita 10, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Juu yake zina vikundi vya asidi vinavyoishika kalsiamu. Zinaivaa fuwele ya chokaa ingali changa, ikashindwa kukua.

Saa 7 mchana. Chupa mbili za maji ya kisima zimelala kwenye nyuzi 80, moja ina nukta, nyingine haina. Nachuja, natia rangi ya kupimia, nadondosha EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, tone kwa tone mpaka wekundu ugeuke buluu. Yenye nukta inakunywa matone mengi zaidi: kalsiamu yake imebaki majini, haikuganda.

Saa 9, hadubini. Kwenye chupa isiyo na nukta, fuwele zina pembe kali, zimebanana kama matofali. Kwenye ya pili ni chache, zimeviringana; napitisha kidole kwenye kioo, zinafutika.

Saa 11 jioni. Mwenzangu anataka tuandike kwenye ripoti kwamba dawa hii ni salama kwa mazingira. Nimekataa. Dawa nyingi za kuzuia ukoko zina fosforasi, ambayo ikifika baharini hulisha mwani hadi ukasonga maji. Zetu hatukuzitia fosforasi, na hilo nalifurahia sana. Lakini kutoka kwenye ndimu si ushahidi. Hatujazijaribu kwa vifaranga vya samaki wala kamba, na maji ya mitaa hii huishia mkondo wa Tudor, ambako watu wanavua.

Saa 2 usiku. Naosha chupa tano. Kesho maji yakijaa nakwenda kuchota Tudor.