Njaa Haipigi Hodi Tena

Leo saa saba mchana simu imelia, nami nikaizima na kuendelea kukunja nguo. Ilikuwa alamu ya kunikumbusha kula. Dakika kumi baadaye ikalia ya pili, ambayo niliiweka kwa kuwa najijua. Hapo nikaacha nguo kitandani, nikaenda jikoni kuchemsha yai.

Nililimenya, nikalikata vipande vinane kwa kisu kidogo, nikaketi. Kipande cha kwanza nilikitafuna hadi kikalainika kabisa mdomoni, nikameza, nikaweka uma chini na kusubiri. Tumbo halikusema lolote. Watu hudhani shida yangu ni maumivu au kichefuchefu, na siku za mwanzo baada ya upasuaji vyote viwili nilivionja. Lakini sasa hivi kinachonisumbua ni huo ukimya. Unameza tonge na hakuna sauti yoyote mwilini inayosema lete jingine. Kila kipande nakipandisha mdomoni kwa kujilazimisha, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na usingizi. Kufika cha tano, pua ikaanza kuchuruzika maji. Siku hizi hiyo ndiyo dalili yangu ya kushiba, na nimejifunza kuiheshimu, kwa sababu tonge moja likizidi hapo kifua hubana nusu saa nzima. Vipande vitatu nikavifunika, nikaviweka kwenye friji.

Huu ni mwezi wa nne tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito. Waliondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, wakaniachia mrija mwembamba wa umbo la ndizi. Kabla ya siku yenyewe nilielezwa kwamba sehemu ya juu ya tumbo, ile inayoondolewa, ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya ghrelini, inayoupelekea ubongo habari kwamba mwili unataka chakula. Wanasayansi wa Japani ndio walioitambua homoni hiyo, mwaka 1999. Nakumbuka nilivyofurahi kusikia maelezo yale. Nilikuwa nimeishi na njaa inayoniamsha usiku wa manane, njaa iliyokuwa ikinidai saa moja tu baada ya kushiba, na watu wakiniambia nijizuie kana kwamba sijawahi kujaribu. Kumbe ilikuwa na chanzo chake, na chanzo kinatolewa. Niliingia chumba cha upasuaji nikiomba kimya kije. Kimekuja, na sikuwa nimejiandaa kuishi nacho.

Ugumu mwingine ni kwamba huna wa kumlalamikia. Ukiwaambia watu huna hamu ya kula, wanakujibu, "Una bahati wewe!" Siwalaumu, maana wananiona ninavyopungua na wanafurahi kwa ajili yangu. Ila sifa zile nusura ziniponze. Katika wiki ya tano nilikuwa nikipima uzito kila asubuhi, na kila kilo iliyoshuka niliichukua kama ruhusa ya kutokula. Siku nyingine nilikunywa chai asubuhi na vijiko vichache vya supu jioni, basi. Vidogo hivyo navyo mara nyingi nilivitapika. Nilijiambia upasuaji unafanya kazi yake.

Asubuhi moja niliinuka kitandani, chumba kikazunguka. Mama, aliyekuwa amekuja kuniuguza, alinikuta sakafuni bafuni nimeegemea ukuta. Hakupiga kelele. Aliinama, akanishika mikono yote miwili, akauliza, "Mwanangu, jana ulikula nini?" Nikafungua mdomo nimjibu. Sikukumbuka.

Hospitalini walinichoma vitamini B1 kwanza, kisha ndipo wakatundika dripu. Daktari alikaa kando ya kitanda akanieleza sababu, na ningependa kila anayepitia njia hii aijue. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hiyo. Mtu asiyekula, hasa akiwa anatapika pia, anaweza kuimaliza ndani ya wiki chache, na ikiisha madhara yake huenda kwenye ubongo na mishipa ya fahamu: macho, mwendo, kumbukumbu. Mengine yakishaingia hayatoki. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji: "Usingoje njaa ndipo ule. Kwa sasa chakula ni dawa yako, na dawa hainywewi kwa hamu."

Tangu siku hiyo nala kwa saa. Mtaalamu wa lishe alinitaka nifikishe angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Fanya hesabu, kisha kumbuka kwamba yai moja kwangu ni kazi ya mchana mzima. Kwa hiyo nyingi nazipata kwa kunywa: unga wa protini kwenye maziwa, na mtindi mzito usio na sukari, kijiko kimoja kimoja. Siku ambayo kitu kigumu hakipiti sigombani nacho, narudi kwenye vya majimaji bila kujiona nimeshindwa. Maji nayo yana utaratibu wake. Nikinywa pamoja na chakula nafasi inajaa mara moja, hivyo nasubiri nusu saa baada ya kula ndipo nianze kunywa, tena kwa mafunda madogo, hadi nifikishe lita moja na nusu ifikapo usiku. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma navitenganisha kwa saa mbili au zaidi, maana vikienda pamoja kimoja kinazuia kingine.

Jambo moja nililigundua mwenyewe. Kinachonifunga koo mara nyingi ni harufu, hasa ya mafuta ya moto. Samaki yuleyule nisiyeweza kumkaribia akitoka jikoni, nikimwacha apoe kabisa anapita. Sasa vingi navila baridi.

Nywele zinatoka. Asubuhi nazikusanya kwenye kitana, nazitazama, nazitupa. Nimeambiwa ni kawaida mwezi wa tatu hadi wa sita, kwamba mwili ulishtuka kwa upasuaji na kwa uzito kushuka upesi, na kwamba kwa wengi huota tena protini ikitosha. Naamini. Bado nazitazama kila siku.

Lililoniuma kuliko nywele ni meza. Mama amenilea kwa kunipikia. Hajui sana kusema "nakupenda", lakini anajua kukuongezea mchuzi kabla hujaomba. Miezi hii nimekuwa nikiacha chakula chake kwenye sahani, naye anakitazama kinavyopoa, na tunanyamaza. Nilihisi nimekata lugha tuliyokuwa tukizungumza. Nilimweleza mambo ya homoni, akaitikia kwa kichwa, ila macho yake yalikuwa bado kwenye sahani.

Jumapili iliyopita alikuja mezani na visahani viwili vidogo, vile vya kuwekea kikombe. Alikuwa amechambua samaki miiba yote, akamponda kwa uma, akampoza. Kisahani kimoja changu, kingine chake. Akaanza kula taratibu kama mimi, akiweka kijiko chini kila baada ya tonge, akinisimulia habari za nyumbani kati ya tonge na tonge. Tulikaa dakika arobaini hivi. Nilipofuta pua hakusema "ongeza kidogo". Alifunika vilivyobaki, vyangu na vyake, akaniuliza, "Saa ngapi tena?"

Naambiwa kwa wengi hamu hurudi, hata kama si yote, pengine kabla ya mwaka kwisha, na ikirudi mazoea ya sasa ndiyo yatakayonilinda. Siku nyingine naitamani irudi, siku nyingine naiogopa. Jana, mama alipokuwa akikata kitunguu, nilihisi kitu chepesi chini ya mbavu, kikapita kabla sijakitambua. Sikumwambia.

Saa kumi inakaribia. Vile vipande vitatu vya yai viko kwenye friji, na nasikia mama anatoa visahani.