Gati la Tanga, Novemba 2014

Jana jioni Zuhura alimimina siki katika birika ili kuitoa chokaa iliyoganda ndani, maana maji ya mji huu ni magumu, akaichemsha, na harufu ikajaa nyumba nzima. Aliniomba radhi akidhani inaniudhi. Haikuniudhi hata kidogo. Kwangu mimi harufu ya siki imekuwa harufu ya mbao zinazozeeka, na kila inaponijia hulikumbuka lile gati na usiku nilipoliona likibadilika rangi mbele ya macho yangu.

Novemba 2014 ilitimia miaka mia moja tangu mapigano ya Tanga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na klabu yetu ya michezo ya vita ya mezani hapa Nottingham ilikubaliana kuyaweka mezani kwa vijisanamu vya kipimo cha milimita 28. Wenzangu walikuwa wameyasoma kwa makini: jinsi kikosi cha Waingereza kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken, chenye askari wapatao 8,000, kilivyoshuka Ras Kasone; jinsi kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, mwenye watu wapatao 1,000 tu, alivyowaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi; na jinsi nyuki waliochokozwa na risasi walivyowavamia wapiganaji tarehe 4 Novemba 1914, hata siku iliyofuata kikosi kile kikawa kinarudi melini. Ramani ilikuwepo, minazi ilikuwepo, nyumba zilikuwepo. Kilichopungua ni gati dogo la mbao ndani ya ghuba, si nakala ya gati lolote lililoandikwa vitabuni, bali la namna ambayo mtu wa pwani angelitambua mara moja. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe kabla hajatokea wa kuichukua.

Mazoea ya wengi ni kupaka kila kitu cha mbao rangi ya kahawia iliyokolea, kisha kupitisha juu yake brashi iliyofutwa rangi karibu yote ili nyuzi zijitokeze. Huonekana vizuri, lakini mbao iliyokaa nje haizeeki hivyo, sembuse ya pwani. Jua huivunja ile dutu inayozishikanisha nyuzi, mvua huja ikaiosha, na kinachobaki juu ni rangi ya majivu. Hayo niliyajua kwa akili. Kwa macho nilikuwa nimeanza kuyasahau, kwa hiyo nilimpigia simu Baba, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyamaliza bandarini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Nilipomuuliza mbao za gati la zamani zilikuwa na rangi gani, akanijibu kwa swali: "Unaniuliza za juu au za chini?" Kisha akanipitisha kuanzia juu hadi chini, taratibu. Mbao za kukanyagia ni kijivu. Vichwa vya nguzo vimepasuka, na ndani ya ufa pana weusi kwa sababu maji ya mvua hukaa humo. Panapofika maji ya bamvua pana mstari, na chini ya mstari huo nguzo ni nyeusi zenye utando wa kijani, halafu unafika kwenye chaza. Nikadhani amemaliza.

"Na usisahau katikati," akasema.

"Katikati pana nini, Baba?"

"Pana njia. Wachukuzi hupita katikati, miguu mitupu, mzigo kichwani. Mwenye mzigo hapiti pembeni."

Ujenzi wenyewe haukuwa na mengi. Nguzo nilizikata katika vijiti vya mviringo, mihimili katika balsa, mbao nyepesi sana, na mbao za juu zilikuwa vijiti vya kukorogea kahawa, ambavyo nilivikwaruza kwa brashi ya waya kwa kufuata urefu wake. Kina cha maji nilikipigia hesabu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kwetu hupita mita 3, na kwa kipimo chetu hizo ni zaidi ya sentimita 5, yaani karibu mara mbili ya kimo cha askari wa mezani. Gati la Tanga likijengwa fupi kama la mtoni, bahari yake si ya Tanga tena.

Kilichobaki kilikuwa rangi, na rangi sikutaka kuipaka. Siku kadhaa nyuma nilikuwa nimeosha kipande cha stili waya kwa sabuni hadi mafuta yakatoka, nikakizamisha katika siki ndani ya chupa, nikaifunika bila kuikaza, kwa kuwa chuma kinapoliwa na siki hutoa gesi ambayo haifai kuzibiwa. Vijiti vile vilikuwa vya mti usio na tanini ya kutosha, ile dutu ya mti na ya majani ya chai inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma, kwa hiyo kwanza nilivipaka chai ya rangi, nzito, nikaviacha vikauke. Watu wa nyumbani walikuwa wamelala. Nikaichovya brashi katika ile siki ya chuma, nikaipitisha juu ya ubao wa kwanza.

Mwanzoni ubao ulilowa tu, ukang'aa chini ya taa kama ungelowa maji matupu. Kisha ndani ya mikwaruzo, mahali ambapo chai ilikuwa imezama zaidi, vikajitokeza vistari vyembamba vya kijivu, kimoja hapa, kingine pale, vikarefuka kufuata nyuzi hadi vikaungana, na wekundu wa chai ukazimika kuanzia kingoni kuja kati. Nilipitisha ubao wa pili, na wa tatu, na kila mmoja ukachukua kijivu chake, kwa kuwa hakuna ubao ulionywa sawa na mwenzake. Nilikuwa nimepachika vichwa vya pini za chuma badala ya misumari, na kandokando yake palikuwa peusi kuliko kwingine kote. Hapo nikayakumbuka mashua yaliyopandishwa ufukweni, na ile michirizi myeusi iliyoshuka chini ya kila msumari, ambayo nilipokuwa mdogo niliidhania kuwa lami. Kumbe ni jambo lile lile: chuma, maji na tanini ya mti. Sikuwa naigiza uzee. Mbao zilikuwa zinazeeka kwa sababu zile zile za kwetu, ila kwa dakika badala ya miaka. Nilikaa nikitazama hadi zikakauka.

Njia ya katikati niliifanya mwisho, kwa msasa laini kabisa, nikiviondoa vikwaruzo na kijivu chake mpaka ubao ukawa mweupe na laini, na mwishoni mwa gati, mahali pa kutua mizigo, nikaipanua.

Siku ya mchezo fundi seremala mstaafu, mzee wa klabu, aliinama akalitazama gati kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini katikati pamechakaa ilhali hapana mtu anayepita. Nikamweleza habari za wachukuzi, na za vita vile vilivyoua makumi ya maelfu ya wapagazi kwa maradhi na njaa kabla havijaisha mwaka 1918. Akauliza kama hawakustahili kuwepo mezani. Mjadala ulizuka pale pale. Wengine waliona wataziba njia tu, kwa kuwa kanuni zetu hazina zamu ya mtu asiyepiga risasi. Wengine walisema tutazame mwakani. Nilimtumia Baba picha. Aliyoyauliza ni haya tu: "Aliyepita hapa alibeba nini?"

Tangu hapo, kila kitu cha mbao ninachokijenga huanza kukifikiria kwa nyayo kabla ya jua na mvua. Kuna siku huona alama hiyo inatosha, kwa sababu anayeinama vizuri ataiona na kuuliza, kama yule mzee. Kuna siku huona ni kuwakumbuka watu kwa uchakavu wa mbao huku askari peke yao wakipewa miili. Vijisanamu vya wapagazi nimeanza kuvinunua na kuvipaka rangi. Bado sijapata kanuni ya kuwapa kazi ya maana katika mchezo ambao mwisho wake ni kushinda au kushindwa, nami ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu mnaocheza vita hivi: ninyi mmewaweka wapi?