Usiku Bikira Maria Alipolala Kwetu

Oktoba 2018 ilitukuta Nkuhungu, ndoa ikiwa bado changa kabisa. Tulifunga mwezi wa saba kwetu Kibosho, tukakaa kidogo kwa shemeji yangu hapa Dodoma, kisha tukapata chumba na sebule kwa kodi ya miezi sita, yote kwa mkupuo. Mji ulikuwa umetangazwa jiji mwezi Aprili mwaka uleule, wizara zilikuwa zimeshahamia, na kila mwenye nyumba alijua maana yake kwenye kodi. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa kujitegemea. Mimi nilikuwa nimeanza kushona kwenye baraza la mama mmoja kule Majengo. Ndani tulikuwa na kitanda, godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria za zawadi na madumu ya maji. Sebule ilikuwa sebule kwa jina tu.

Mkatoliki wa Tanzania hahitaji kuelezwa Oktoba ni mwezi gani. Ni mwezi wa rozari. Kila jioni jumuiya, yaani familia za Wakatoliki wanaoishi jirani, hukutana kwenye nyumba moja, husali, na sanamu ya Bikira Maria hubaki hapo mpaka jioni inayofuata, ndipo hupelekwa nyumba ya pili. Kibosho nimekua na jambo hilo. Mama alikuwa akipiga deki mpaka kwenye kizingiti, baba anavaa koti la Jumapili katikati ya wiki, sisi watoto tunagombania kushika mshumaa. Lakini ile ilikuwa nyumba ya baba na mama. Aliyepokea ni wao.

Katibu wa jumuiya alipita Jumatano jioni, nikiwa naanua nguo.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina."

"Jumamosi ni kwenu. Halafu familia yenu sijaiandika kwenye daftari. Nitaiandika hapohapo tukimaliza kusali."

Nilikuwa na miaka 24, sina mtoto, na aliyeniita mama ni mtu mzima aliyenizidi kwa mbali. Mpaka siku ile kwenye daftari la jumuiya tulikuwa tunahesabiwa chini ya shemeji, kama watu wa kwake. Cheti cha ndoa tulikuwa nacho, kimefungwa vizuri kwenye bahasha ndani ya begi. Mstari wetu wenyewe kwenye lile daftari ndio hatukuwa nao, na niseme ukweli, nilikuwa nautaka kuliko nilivyokuwa nataka kabati.

Mume wangu aliporudi nilimwambia. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akatazama sebule. "Watakaa wapi?" Jumuiya yetu ilikuwa na watu zaidi ya ishirini ukiacha watoto. Hatukuwa hata na kigoda.

Anayeijua Dodoma ya Oktoba anajua na mengine yaliyokuwa yanatusubiri. Mvua huku hungojewa mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo Oktoba ardhi imekauka hadi imekuwa unga, na upepo unaokuja alasiri unaingiza unga huo hadi kwenye shuka. Unafagia saa tisa, saa kumi huoni ulipofagia. Maji ya bomba nayo yalikuwa ya mgao, na wiki ile yalikuwa yanatoka usiku wa manane, siku yanapotaka.

Jirani yetu wa chumba cha tatu, dada wa Kirangi kutoka Kondoa, Mwislamu, alisikia habari ile uani kabla hata sijamweleza. Jumamosi asubuhi alitoka na mikeka yake yote, hata ule wa kuswalia wageni wake, na benchi alilokuwa akilitumia kuuzia maandazi. "Mgeni wa Mungu akiingia uani hawi wa chumba kimoja," alisema, akaanza kunisaidia kuhamisha madumu. Mpaka leo nikisikia watu wanazungumzia dini kwa ukali huwa namkumbuka yule dada na benchi lake lenye alama za mafuta.

Saa sita mchana nikasikia salamu ya Kigogo getini: "Mbukwenyi!" Mama mkwe. Alikuwa ametoka kijijini kwao Bihawana na gari la asubuhi bila kuniambia. Mume wangu ndiye aliyempigia simu, akanyamaza. Alikuwa amebeba kiroba cha unga wa uwele, mlenda mkavu uliokwisha kupondwa, na karanga mbichi ndani ya kanga. Hajawahi kukanyaga kwetu tangu tupange pale. Nilipiga magoti kumpokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mama."

Hakukaa. Alizunguka vyumba vyote viwili, jambo la dakika moja, kisha akauliza maji niliyofulia yako wapi. Yalikuwa kwenye beseni nyuma ya nyumba. Akayachota kwa kopo, akanyunyiza uani kuanzia getini hadi mlangoni petu, kidogo kidogo, mkono ukizungushwa pembeni ili yasidondoke mahali pamoja. Baada ya muda vumbi lilishika. Aliponiona namtazama alisema, "Kwetu ndivyo tunavyowapokea watu kiangazi," akaendelea.

Altare tuliitengeneza kwa kreti mbili za soda alizoazima mume wangu dukani, moja juu ya nyingine, zikafunikwa kitenge kipya. Juu yake nikatandika kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama yangu alinipa siku ya kuagwa. Kilikuwa na mikunjo kwa kukaa ndani ya sanduku. Mama mkwe alikilowanisha kwa ncha za vidole, akawa anakinyoosha kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni, mara moja, mara mbili, mpaka maua ya kufuma yakakaa wazi. Kazi ya mama yangu chini ya mkono wa mama yake mume wangu. Hawa wawili walikuwa wameonana siku ya harusi tu. Maua mabichi hayapatikani kirahisi wakati ule. Mume wangu aliomba matawi ya boganvilia kwenye ukuta wa watu, akarudi na mikwaruzo mikononi.

Kulikuwa na suala la chakula. Jumuiya yetu ilikuwa imekubaliana kwamba mwezi wa rozari hakuna kupika, hata chai, ili asiye nacho asiogope zamu yake. Mimi naona ni kanuni ya busara sana, na natamani jumuiya zote zingeishika. Mama mkwe aliisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaanga karanga. "Hizi si chakula," alisema. Zilipozungushwa baadaye kwenye ungo, konzi moja moja, mwenyekiti mwenyewe alipokea kwa mikono miwili.

Walifika na wimbo. Uliwatangulia kutoka nyumba ya jana, ukasikika kwa mbali, kisha pembeni ya ukuta, kisha getini. Mama mmoja mnene alikuwa amembeba Bikira Maria kifuani kama anavyobebwa mtoto anayetoka kuoga, amezungushiwa kitambaa cha bluu. Akaniwekea mikononi. Sikutegemea uzito ule, ni plasta. Nikamweka juu ya kreti, na watu wakaenea: wazee kwenye benchi, akina mama mikekani, vijana uani, watoto mlangoni.

Mwenyekiti alitaja nia. Tukawaombea wagonjwa wa jumuiya. Tukamwombea Mwalimu Nyerere, maana kesho yake, tarehe 14, ilikuwa inatimia miaka 19 tangu afariki, na mzee mmoja akakumbusha kuwa uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973 chini yake, na kwamba yeye mwenyewe, mzee, ameishi kuuona ukitimia. Kesho hiyohiyo kule Roma Papa Fransisko alikuwa anawatangaza watakatifu Papa Paulo wa Sita na Askofu Mkuu Oscar Romero. Mwisho akasema, "Na familia hii changa." Mume wangu aliinamisha kichwa.

Jumamosi rozari husaliwa kwa matendo ya furaha, matano, kila tendo na Salamu Maria zake kumi. Msomaji alikuwa na kitabu chake, tukamaliza kumi la kwanza. Alipofungua mdomo kutaja tendo la pili umeme ukakatika mtaa mzima. Mishumaa miwili ya altare ilimwangaza Bikira Maria tu, kitabu hakikusomeka. Watu wakaanza kupapasa simu zao. Kabla hajapatikana wa kuwasha, sauti ya mama mkwe ikatokea kwenye mkeka, bila haraka, ikitaja Maria anavyokwenda kumtembelea Elizabeti, na tuombe mapendo kwa jirani. Akaanza Baba Yetu. Watu wakaitikia. Aliongoza kumi lile, na la tatu, na yote yaliyobaki, akapitiliza kwenye litania bila kuruka hata sifa moja: Nyumba ya dhahabu, Sanduku la Agano, Mlango wa mbingu, Nyota ya asubuhi. Ni mama wa kulima uwele na karanga, na kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Yote alikuwa nayo kichwani tangu utoto, na gizani ndiye pekee ambaye hakupungukiwa na kitu.

Alipomaliza, mwenyekiti hakuketi kwanza. "Mama ametoka wapi?" "Bihawana," mume wangu akajibu, na nilisikia sauti yake ilivyobeba jina lile.

Katibu akaandika kwa tochi ya simu. Aliuliza jina la baba wa familia, jina la mama wa familia, watoto. "Bado," nilisema. "Tutaacha nafasi," akasema, akaacha mistari kadhaa mitupu kabla ya kuchora mstari wa kufunga. Akatukabidhi na kadi ya zaka, ya kwetu, haina kitu.

Usiku mama mkwe alikataa kitanda. Alisema hawezi kumwacha mgeni peke yake sebuleni, akatandika mkeka chini ya altare. Saa nane hivi nikasikia bomba la uani linakoroma. Nikachukua dumu, nikafungua mlango wa chumbani taratibu. Alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, anazungumza na Bikira Maria kwa Kigogo. Sikuwa najua lugha ile, lakini majina nayajua. Alikuwa anataja watoto wake mmoja mmoja kwa kuzaliwa kwao, pamoja na wawili waliozikwa Bihawana wakiwa wadogo, ambao mume wangu aliwahi kunitajia mara moja tu. Hakushusha sauti kwa ajili yao, aliwapitia pamoja na walio hai. Akamtaja mume wangu. Kisha akataja jina langu, akaongeza majina ya baba yangu na mama yangu, ambayo sikujua kama anayakumbuka.

Nilisimama na dumu langu. Bila kugeuka akasema kwa Kiswahili, "Yametoka? Nenda ukinge, nakuja."

Tulikinga wote wawili mpaka karibu na alfajiri, madumu yetu na ndoo za yule dada wa Kirangi, aliyekuwa amelala. Tulizungumza habari nyingi pale bombani, zaidi ya zote tulizowahi kuzungumza kabla. Akanieleza na wale watoto wawili, nani alikuwa mcheshi, nani alifanana na mume wangu.

Jumapili jioni tukampeleka Bikira Maria nyumba ya jirani, na mama mkwe alikataa kurudi Bihawana kabla ya hapo. Baada ya rozari alimfuata katibu, akamwomba afungue daftari kwenye ukurasa wetu. Akaniambia nitoe ile kadi ya zaka. Akafungua fundo la kanga, akahesabu sarafu na noti moja ya elfu iliyokunjwa.

"Hii ni ya kwao, si yangu," alimwambia katibu. "Anza kuandika."

Katibu akaandika Oktoba, akaandika kiasi, akatia sahihi, akamrudishia mume wangu kadi. Asubuhi yake tulimsindikiza mama kituoni, kiroba chake kikiwa na sukari na sabuni.